Pancha Ni Yako, Izibe

Unasukuma baiskeli tena?

Jua la saa saba mchana liko utosini. Gunia la mkaa liko kwenye keria, tairi la nyuma limelala chapa juu ya ringi, na wewe, mwenye mikono miwili mizima, unasukuma. Wenzako wanakupita. Watoto wa shule wanakupita. Kilomita mbili mbele, chini ya mwembe, yuko fundi, na unakwenda kumkabidhi baiskeli, pesa na saa nzima ya siku yako kwa sababu ya tundu ambalo hata kuliona kwa macho ni kazi.

Mpaka lini?

Simsemi fundi vibaya. Mtu anayenyoosha ringi iliyopinda, anayepanga spoku upya mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba, huyo ana ufundi uliomgharimu miaka. Mlipe, mshukuru, na usimpunguzie hata senti. Lakini pancha? Pancha si jambo la kumfuatia mtu kilomita mbili. Pancha ni dakika ishirini za mikono yako.

Dakika ishirini!

Hebu jihesabie mwenyewe. Tangu mwaka uanze umelipia pancha ngapi? Mara ngapi umefika shambani jua limeshakuwa kali, umefika sokoni wanunuzi wameshatawanyika, umefika kliniki foleni imeshatoka nje ya mlango? Na kama unabeba abiria kwa baiskeli, zile wanazoziita daladala kule Shinyanga na Kahama, kila pancha ni abiria aliyeshuka akapanda kwa mwenzako huku unamtazama. Umepoteza yote hayo, na dawa yake inaenea kwenye mfuko mdogo chini ya tandiko.

Na bado unasema huwezi.

Huwezi, au hujajaribu?

"Sina vifaa." Vijiko viwili vyenye mikia bapa viko jikoni kwako sasa hivi. Kipande cha msasa utapewa na seremala jirani ukimwomba vizuri. Ile tyubu iliyokufa uliyoitupa nyuma ya nyumba ina viraka vya miaka ndani yake. Kinachobaki kununua ni solusheni na pampu. "Sina muda." Wa kusukuma unao? "Nitachafuka." Utanawa! "Mimi ni mwanamke."

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira.

Nani alikwambia, dada yangu, kwamba tairi huuliza anayelifungua ni nani? Wewe unayetoka kisimani na madumu mawili kwenye keria. Wewe binti unayeendesha asubuhi na mapema kwenda sekondari ya kata, na siku ya pancha unaingia darasani kipindi cha pili kinaisha. Vidole vinavyosuka mistari myembamba kichwani kwa mtu bila kukosea hata mmoja vina wepesi uleule ambao tyubu inauhitaji. Kilichokosekana ni mtu wa kukupa kijiko na kukwambia: fungua. Basi nakwambia mimi. Fungua!

Ingekuwa mwaka 1889, ningewaelewa nyote. Mwaka huo mwendesha baiskeli mmoja aliingia kwenye kiwanda cha ndugu wawili, André na Édouard Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa, tairi lake limeisha upepo. Tairi za upepo zilikuwa kitu kipya duniani. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alikuwa amepata hataza ya kwake mwaka uliotangulia tu, na tairi hizo zilibandikwa kwenye ringi kwa gundi. Kulibandua lile tairi, kuliziba na kulirudisha kulichukua saa tatu, kisha likaachwa usiku kucha likauke. Kesho yake Édouard akaipanda baiskeli kujaribu. Hakufika mbali, upepo ukaisha tena.

Akasema basi? Miaka miwili baadaye ndugu hao walikuwa na tairi linalovuliwa kwenye ringi na kurudishwa, na mwaka huohuo wa 1891 Charles Terront akaliendesha kutoka Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200, akashinda.

Tairi lako linavuliwa kwenye ringi kwa vijiko viwili. Kisingizio chako kilikufa mwaka 1891.

Sasa kaa chini, tufanye kazi.

Usifungue nati yoyote bado. Jaza upepo, lowesha kidole kwa mate, kiweke kwenye mdomo wa valvu. Kipovu kikitokea na kukua, huna pancha! Baiskeli nyingi nzito za kwetu, Phoenix na wenzake, zina valvu iliyovishwa kimpira chembamba ndani. Kimpira kile huchoka, hupasuka, upepo ukapenya polepole. Badilisha kimpira, jaza, ondoka. Ni watu wangapi wamelipia pancha ambayo haikuwepo? Usiwe wewe tena.

Valvu iko salama? Pindua baiskeli isimame kwa tandiko na usukani. Zungusha gurudumu taratibu, kagua tairi pote. Kama unaishi Dodoma, Tabora, Shinyanga au popote penye mchanga na jua, adui unamjua: mbigiri. Mmea wenyewe hutambaa chini, una maua madogo ya njano, sura ya upole kabisa. Tunda lake hupasuka vipande, na kila kipande kikianguka huacha mwiba ukitazama juu, ukikungoja. Ukiukuta kwenye tairi, usiung'oe kwa hasira ukautupa. Weka alama kwanza, kwa chaki au kwa mkaa. Mwiba umekuonyesha tundu liliko. Nusu ya kazi imekwisha.

Na hapa nakupa jambo ambalo mafundi wanalifanya kila siku mbele ya macho yako nawe huangalii, kwa sababu unachezea simu: si lazima uvue gurudumu. Gurudumu la nyuma la baiskeli nzito, lenye nati zilizoshika kutu, mnyororo, kava ya mnyororo, vyuma vya breki, stendi na keria, ndilo linalowafanya watu wakate tamaa kabla hawajaanza. Liache palepale! Toa upepo wote. Bana kingo za tairi kwa vidole pande zote ziingie katikati ya ringi, pale penye bonde, na tairi litalegea lenyewe. Chomeka mkia wa kijiko, inua ukingo. Chomeka cha pili umbali wa kiganja, kisha telezesha. Upande mmoja ukishatoka, vuta tyubu nje pale penye alama na uizibe ikiwa bado kwenye baiskeli.

Hukupata mwiba? Basi itoe tyubu nje pande zote, uijaze upepo, uizamishe kidogo kidogo kwenye karai la maji, na mapovu yatakuita. Uko njiani na maji hakuna? Ipitishe polepole karibu na shavu na mdomo wa juu. Ngozi ya hapo inasikia upepo ambao kiganja kilichoota sugu hakiusikii.

Umelipata tundu. Usikimbilie kuziba. Lisome kwanza.

Tundu moja dogo upande wa nje ni mwiba, msumari au kipande cha chupa, na huenda kilichokuchoma bado kimo ndani ya tairi. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yana habari nyingine kabisa: hukuchomwa na kitu chochote. Uliendesha tairi likiwa legevu, ukagonga jiwe, ringi ikaibana tyubu pande mbili. Kosa hilo ni lako, na dawa yake ni pampu. Tundu lililo upande wa ndani, ule unaotazama ringi, lina maana kwamba ncha ya spoku imetokeza au ule utepe unaofunika ncha za spoku umeoza. Piga tupa ncha hiyo, kata utepe mwingine kwenye tyubu ya zamani, uzungushe. Mpasuko kwenye shina la valvu? Tairi lilikuwa legevu, likateleza juu ya ringi likaivuta valvu. Hapo kiraka hakishiki. Nunua tyubu nyingine na usilie.

Unaona?

Wewe uliyesema hujui kitu sasa unatazama tundu na unajua lilikotoka. Unajua namna ya kulizuia lisirudi wiki ijayo. Akili hiyo ilikuwamo kichwani mwako siku zote, imelala, inasubiri kazi. Ni nini kingine kimelala humo?

Sasa tulia unisikilize, kwa sababu hapa ndipo viraka vingi vinapofia.

Nimekuharakisha tangu mstari wa kwanza. Sina subira na watu wanaosubiri maisha yawajie. Lakini hapa nakuamuru: subiri.

Piga msasa pale penye tundu, eneo pana kuliko kiraka, mpaka mng'ao wa tyubu uishe na ule mshono wa kiwandani uwe sawa na pengine. Pangusa vumbi, na usipaguse tena kwa vidole vyenye jasho. Kata kiraka cha mviringo, maana pembe ndizo hubanduka kwanza. Kama ni kipande cha tyubu ya zamani, nacho kipige msasa, nacho kipake gundi. (Vile viraka vya kubandua karatasi na kubandika bila gundi mimi siviamini kwenye tairi linalobeba mkaa.) Paka solusheni iwe nyembamba. Kisha ondoa mikono.

Dakika tano.

Usipulize. Usibandike ikiwa mbichi. Ndani ya solusheni mna kiyeyushi ambacho lazima kiruke hewani. Ukikifungia chini ya kiraka hakina pa kutokea, gundi inabaki laini, na kesho asubuhi kiraka kimeinuka na wewe unamtukana mwenye duka kwamba amekuuzia feki. Gundi haikuwa feki. Wewe ulikuwa na haraka mahali pasipotaka haraka. Gusa kwa nyuma ya kidole: ikiwa haing'ai tena na haiachi kitu kidoleni, sasa! Bandika. Kandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa nguvu zako zote, kisha tandika tyubu juu ya kitu kigumu ukisugue kiraka kwa mgongo wa kijiko.

Kiraka kilichofanywa hivi kinaweza kuishi mpaka tyubu yenyewe izeeke.

Bado hujamaliza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi pote, polepole. Kikikwama, hapo pana mwiba. Wangapi wameziba vizuri, wakafunga vizuri, wakaendesha mita mia moja na mwiba uleule ukawatoboa upya? Hiyo si bahati mbaya. Ni uvivu wa nusu dakika.

Tia tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo, isijikunje. Ingiza sehemu uliyoitoa. Kama uliitoa yote, anza na valvu. Rudisha ukingo wa tairi kwa vidole gumba, ukianzia mbali na valvu na kumalizia hapo kwenye valvu, huku ukiusukuma ukingo uliokwisha kuingia ukae katikati ya ringi ili upate nafasi. Sehemu ya mwisho itakataa. Itakataa kweli! Vidole vitauma na utatamani kuchukua kijiko. Usichukue! Kijiko kitaibana tyubu dhidi ya ringi na kukupa pancha ya pili kabla hujaondoka. Rudi nyuma, bana tena kingo pande zote, pata nafasi ya milimita chache, sukuma. Litaingia.

Likiingia, sukuma valvu juu kidogo kisha ivute irudi, uhakikishe tyubu haikubanwa chini ya ukingo. Jaza. Ukubwa wa upepo umeandikwa ubavuni mwa tairi. Usome, na kumbuka kwamba tairi linalobeba mtu na magunia halitaki upepo wa tairi linalobeba mtu peke yake.

Umemaliza. Nani amekusaidia?

Hakuna.

Unasema nyumbani sawa, lakini barabarani haiwezekani? Njoo nikupeleke kwenye milima ya Pyrenees, Ufaransa, mwaka 1913. Eugène Christophe anashuka mlima Tourmalet katika mashindano ya Tour de France, ana nafasi ya kweli ya kushinda, na uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, unavunjika. Sheria za enzi hizo hazikuwa na huruma: kila mtu atengeneze baiskeli yake mwenyewe, bila mkono wa mwingine. Christophe hakukaa kando ya barabara kushika tama. Alichukua baiskeli na gurudumu lake, akateremka kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akatafuta kiwanda cha mhunzi. Pale, waamuzi wakimkodolea macho, akatia chuma motoni kikawa chekundu, akapiga nyundo, akauunga uma wake kwa mikono yake. Saa zikapita. Ushindi ukapita. Kijana mmoja alimvutia mvukuto, na kwa msaada huo tu waamuzi wakampa adhabu. Akapanda baiskeli, akavuka milima iliyobaki, akafika Luchon. Mashindano yalipokwisha Paris, alikuwa mtu wa 7.

Mtu huyo aliunga chuma.

Wewe unaombwa kubandika mpira.

Wala usiniambie hayo ni ya Wazungu. Pale Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah amelea vijana wa Safari Simbaz ambao hujifunza kuendesha na kutengeneza kwa pamoja, kwake hayo hayatengani. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alipita mikononi mwake akiwa kijana mdogo, na baadaye akaishinda Tour de France mara 4. Bingwa alianzia pale pale ambapo kijana wa kijijini kwenu anaweza kuanzia leo, mikono ikiwa na grisi.

Kwa hiyo funga mfuko wako. Vijiko viwili, msasa, vipande vitatu vya tyubu ya zamani vilivyokatwa tayari, kimpira cha valvu cha akiba, solusheni. Pampu ifunge kwenye fremu. Solusheni ikishafunguliwa mara moja hukauka ndani ya tyubu yake taratibu hata ukiifunga vizuri, kwa hiyo ibinye kila mwezi ujue kama bado ipo hai. Wengi hugundua imekuwa jiwe wakiwa porini.

Na ukikuta imekuwa jiwe porini? Hapo sasa utasukuma?

Hapana! Vuta tyubu nje, kunja pale penye tundu, funga mkunjo huo kwa kamba ya mpira kwa nguvu mpaka upepo ukome kutoka. Tairi litakuwa na nundu na utaruka-ruka, lakini utatembea. Hata kamba huna? Ng'oa nyasi kavu kando ya njia, zishindilie ndani ya tairi mpaka lijae na kuwa gumu, funga, panda, nenda polepole. Utafika. Nyasi haziuzwi, na porini hakuna aliyewahi kuzikosa isipokuwa yule aliyekataa kuinama.

Wewe unainama?

Basi usingoje pancha. Pancha itakuja siku mbaya, mvua ikinyesha, mtoto akiwa na homa kwenye keria, na siku hiyo si siku ya kujifunza. Jifunze leo jioni, baiskeli ikiwa nzima. Toa upepo kwa makusudi. Fungua tairi, vuta tyubu, irudishe, jaza. Mara ya kwanza utachukua saa nzima, utatokwa jasho, ukingo utakushinda, utataka kumwita mtu. Usimwite! Au mwite mdogo wako, lakini ashike tochi tu, na ukimaliza mpe yeye vijiko afungue tena mwanzo mpaka mwisho, huku wewe umefunga mikono nyuma.

Na usijipendelee kwa kuanza na gurudumu la mbele kwa sababu ni jepesi. Anza na la nyuma.